Ndugu Yupo Nyumbani

Kanda ya Ziwa ina magonjwa mengi yanayojaza bandama ya mtoto. Malaria ya kurudiarudia huijaza. Kichocho cha tumbo, ambacho watoto wanaooga na kuteka maji Ziwa Victoria hukipata mapema, nacho huijaza. Sikoseli huijaza katika miaka ya mwanzo, kisha huila kidogo kidogo mpaka inasinyaa na kuacha kazi. Kwa hiyo tabibu wa zahanati ya Lwamgasa au Mwakitolyo akibonyeza chini ya mbavu za kushoto za mtoto wa miaka miwili na kukuta bandama imeshuka karibu na kitovu, hashtuki. Anamchoma kidole, anasubiri kipimo cha malaria kionyeshe mistari yake, anaandika dawa mseto. Mtoto akiwa mweupe sana viganjani anapewa rufaa akaongezewe damu. Wiki chache baadaye amerudi na homa ile ile, na juu ya tumbo pana chale mpya tatu nne, kwa kuwa bibi naye ana mganga wake.

Humo humo katika msongamano wa bandama ndimo inamoweza kujificha saratani moja ya damu iliyo adimu sana, ambayo madaktari huiita kwa herufi zake nne, JMML. Ni lukemia ya watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka minne, na wavulana huipata karibu mara mbili ya wasichana. Dalili zake zote zinafanana na za majirani: homa isiyoisha, upungufu wa damu, bandama na ini vilivyovimba, vipele, damu ya puani. Chanzo ni hitilafu katika jeni zinazoiambia seli ya damu lini izaliane na lini itulie. Jeni hizo zina majina ya maabara, PTPN11, NRAS, KRAS, NF1, CBL, na zote zinahudumu kwenye njia moja ya kupitisha amri ndani ya seli. Kwa baadhi ya watoto hitilafu hutokea peke yake ndani ya seli za uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Wengine wamezaliwa nayo mwili mzima, na anayejua kutazama huona ishara mapema: mabaka ya rangi ya kahawa kwenye ngozi ya mwenye hitilafu ya NF1, au kasoro za sura na moyo kwa mtoto mwenye hali iitwayo Noonan.

Katika nchi zenye takwimu nzuri, JMML humpata mtoto mmoja na ushei kati ya kila milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3 mkoani Geita na milioni 2.2 Shinyanga, na karibu nusu yao ni watoto. Kama kiwango ni kile kile, basi mikoa hii miwili hupata watoto wawili au watatu kila mwaka. Ni vigumu kuamini kwamba wote hao wanazikwa na jina sahihi la kilichowaua.

Kulipata jina hilo si kazi ya kipimo kimoja. Inatakiwa hesabu kamili ya seli za damu, inatakiwa mtu aliyezoea kusoma kioo chini ya darubini atambue kwamba monositi, aina mojawapo ya seli nyeupe, zimezidi kwa muda mrefu, inatakiwa virusi kadhaa vinavyoigiza ugonjwa huu viondolewe kwenye orodha ya watuhumiwa, na mwisho jeni zenyewe zisomwe. Kati ya vipimo hivyo kimo kimoja chenye kejeli yake. Mtoto akiwa tumboni hutumia aina maalumu ya himoglobini, himoglobini F, ambayo baada ya kuzaliwa hupungua na kufikia mwaka wa kwanza huwa karibu imekwisha. Kwa watoto wengi wenye JMML himoglobini hiyo hurudi kwa wingi, na ikiwa juu sana ni ishara mbaya. Kwa mtoto mwenye sikoseli mambo ni kinyume kabisa: himoglobini F ndiyo mkombozi wake, kwa kuwa inazuia chembe nyekundu zisijikunje umbo la mundu, na dawa ya haidroksiyurea humsaidia hasa kwa kuiongeza. Himoglobini moja, bandama moja iliyovimba, umri mmoja, na maana mbili zisizopatana.

Ulinganisho na sikoseli hauepukiki, maana huo ndio ugonjwa wa damu wa kurithi ambao Geita na Shinyanga wanaujua kwa uchungu wao wenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza kwa nini jeni yake imeshamiri pwani na kando ya ziwa huku ikiwa haba nyanda za juu: anayerithi nakala moja tu hulindwa dhidi ya malaria kali, na anayerithi mbili ndiye anayeumwa. Malaria ndiyo iliyoitunza jeni hii vizazi na vizazi, kama mlinzi anayelipwa kwa mtoto mmoja mmoja.

Ukubwa wa jambo hili kaskazini-magharibi mwa Tanzania ulikuja kupimwa kwa njia ya werevu. Watoto wachanga wa mama wenye virusi vya UKIMWI huchomwa kisigino, matone matano ya damu yakadondoshwa kwenye duara tano za kadi ya karatasi nene, kadi ikakaushwa hewani, ikafungwa na kijifuko cha kunyonya unyevu, ikasafirishwa hadi maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza. Baada ya kipimo cha virusi, damu kidogo hubaki kwenye kadi. Watafiti wa Bugando na wenzao walizichukua kadi hizo, zaidi ya 17,000, kutoka mikoa ya kanda nzima, wakazipima sikoseli bila kumchoma mtoto yeyote mara ya pili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba jeni hiyo, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100 amezaliwa na ugonjwa wenyewe. Mmoja kwa mia upande huu, mmoja kwa milioni kila mwaka upande ule. Na bado tiba inayoweza kuwaponya kabisa watoto wa pande zote mbili ni ile ile: kuuondoa uloto wao na kuwapa wa mtu mwingine.

Kwamba ni tiba ile ile iligunduliwa karibu kwa bahati. Katika hospitali ya St. Jude, Memphis, binti wa miaka 8 aliyekuwa na sikoseli alipata pia lukemia kali. Madaktari walimpandikiza uloto wa kaka yake kwa ajili ya lukemia. Sikoseli hawakuwa wameilenga. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1984. Lukemia iliondoka, na damu mpya iliyotengenezwa na uloto wa kaka haikuwa na ugonjwa wa mundu tena. Kaka mwenyewe alikuwa amebeba nakala moja ya jeni, kwa hiyo dada naye akawa mbebaji tu, kama mtoto mmoja kati ya watano wa Kanda ya Ziwa, mzima wa afya.

Haifai kuficha kwamba njia ya kufika hapo ilikuwa ya makaburi mengi. E. Donnall Thomas wa Marekani alianza miaka ya 1950 kwa kuwapa wagonjwa wa lukemia uloto wa pacha wao wa kufanana. Damu ilirudi, saratani nayo ikarudi. Jean Dausset wa Ufaransa alieleza mwaka 1958 alama za kwanza zilizo juu ya seli nyeupe, zile ambazo mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni, na hapo ikaanza kueleweka kwa nini uloto wa mtu baki unakataliwa au, vibaya zaidi, wenyewe unaukataa mwili uliowekwa. Mwaka 1968 ndipo mtoto wa kwanza alipoponywa kwa uloto wa ndugu yake asiye pacha. Dausset alipata Nobel mwaka 1980, Thomas mwaka 1990.

Kinachofanyika wodini si upasuaji mkubwa, ingawa watu wengi wakisikia neno uloto hufikiria mifupa kupasuliwa. Mtoto anayetoa hulazwa usingizi, akageuzwa kifudifudi, na sindano nene huingizwa nyuma ya mfupa wa nyonga, kulia na kushoto. Kila mvuto hutoa mililita chache. Huvutwa tena na tena, pembe hii na ile, kupitia matundu yale yale mawili ya ngozi, mpaka zipatikane kama mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya mtoto atakayepokea. Mfuko ukijaa unafanana na damu ya kawaida, mzito kidogo, na ukiuinua kwenye mwanga unaona vijipovu vya mafuta vikielea juu. Huchujwa kuondoa chembe za mfupa. Mtoaji huamka na plasta mbili na maumivu ya siku chache, na uloto wake hujirudishia wenyewe ndani ya wiki kadhaa.

Upande wa mpokeaji ndiko kwenye hatari. Kwa siku kadhaa kabla, anapewa dawa kali, busulfani, fludarabini, siklofosfamidi na nyinginezo, za kuufuta uloto wake wa zamani. Nywele zinakatika, mdomo unajaa vidonda, chakula hakipiti. Siku ya kupokea huitwa siku sifuri, nayo haina shamrashamra: mfuko unatundikwa kwenye mti wa dripu, uloto unaingia kwenye mshipa kwa saa chache, na seli shina zenyewe zinajua njia ya kwenda mifupani. Kisha ni kungoja. Wiki mbili, tatu, wakati mwingine nne, mtoto hana askari hata mmoja wa kupigana na kimelea, na kikohozi cha mgeni kinaweza kumuua. Kila asubuhi damu inapimwa kuona kama seli nyeupe za kwanza zimetokea. Zikitokea, hatari nyingine inaanza, kwa sababu seli za ndugu zinaweza kuiona ngozi, ini na utumbo wa mwenyeji kama adui. Ndiyo sababu ya dawa za kutuliza kinga, kama siklosporini, zinazonywewa miezi mingi.

Hapa ndipo sikoseli na JMML zinapoachana, na inafaa kukaa kidogo kwenye jambo hili. Mwenye sikoseli hahitaji uloto wake wa zamani ufutike wote. Kiasi cha seli za ndugu kufikia karibu asilimia 20 huweza kutosha kumwondolea ugonjwa, kwa kuwa chembe nyekundu nzima zinaishi muda mrefu kuliko zile mbovu. Mwenye lukemia hana nafasi hiyo. Seli chache tu za saratani zikisalia, ndizo zitakazorudi kumchukua. Zaidi ya hapo, vita ya seli za ndugu dhidi ya mwenyeji, ambayo kwenye sikoseli ni hasara tupu, kwenye lukemia inahitajika kwa kiasi, maana ndiyo inayowinda mabaki ya saratani. Daktari wa JMML anatembea ukingoni: vita kidogo, isizidi. Matokeo yanasema hivyo hivyo. Wagonjwa 1,000 wa sikoseli waliopandikizwa uloto wa ndugu anayelingana kabisa walifuatiliwa, na ripoti ya 2017 ikaonyesha kwamba baada ya miaka mitano zaidi ya 90 kwa 100 walikuwa hai na karibu wote hao wamepona. Kwa JMML, ripoti kubwa ya Ulaya ya mwaka 2005 ya watoto 100 ilikuta karibu nusu ndio waliobaki bila ugonjwa baada ya miaka mitano, na kurudi kwa saratani ndicho kilichowashinda wengi. Nusu. Na bila kupandikizwa wengi hawana njia nyingine ya kupona.

Ieleweke pia kwamba watoto wengi wenye lukemia za kawaida hawahitaji haya yote. Dawa za miaka miwili au mitatu zikifika na zikamalizwa zinawatosha. Kazi ya kuhakikisha zinamalizwa ndiyo inayofanywa Muhimbili na Bugando, shirika la Tumaini la Maisha likiwa mmoja wa wabebaji wake. Kupandikiza ni kwa wachache, ambao JMML ni mfano wao mkali.

Sasa mtoaji. Daftari za dunia za watu waliojitolea kutoa uloto zina mamilioni ya majina, ila wengi ni wa asili ya Ulaya. Huko Marekani, mgonjwa mweusi ana nafasi ya asilimia 29 hivi ya kupata mtu anayelingana naye kikamilifu kwenye daftari. Mweupe ana 79. Waafrika wana tofauti nyingi zaidi za alama zile za Dausset kuliko watu wa mabara mengine, na hawajaandikishwa. Mtoto wa Geita akitafutwa kwenye daftari hizo, ni kama hatafutwi mtu.

Lakini mtoto wa Geita ana kitu ambacho mtoto wa Milano au Berlin mara nyingi hana. Ana ndugu. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kabisa. Ukiwa na ndugu mmoja, nafasi ni asilimia 25. Ukiwa nao watatu inafika 58. Watano, 76. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8, na Usukumani haishangazi kukuta nyumba yenye saba. Wataalamu wa uzazi wa mpango wana sababu zao za kuzitazama hesabu hizi kwa wasiwasi, na wana haki. Kwa suala hili moja la uloto, hata hivyo, wingi wa watoto ni akiba ambayo fedha za Ulaya hazinunui.

Akiba hiyo ina masharti. Nyumba nyingi za Kisukuma zina mama zaidi ya mmoja, na watoto wa baba mmoja mama tofauti, ambao hapa huitana ndugu bila kujieleza, kwenye maabara wakilingana ni nusu tu, na nafasi ya hata hiyo nusu ni moja kati ya mbili. Ndugu wa kweli kimaabara anaweza kuwa na sikoseli mwenyewe, hapo hafai; akiwa mbebaji anafaa. Kwa JMML ya kuzaliwa nayo, ndugu anayelingana anaweza kuwa amerithi hitilafu ile ile kimya kimya, na kumtumia ni kupandikiza ugonjwa upya, hivyo jeni zake lazima zisomwe kwanza. Na mapacha, Kulwa na Doto, je? Wakiwa wa kufanana, Doto atampa Kulwa uloto usiokataliwa hata kidogo, na hautamfaa sana: kwa sikoseli wote wawili wanaumwa, na kwa lukemia vita ile inayohitajika haitakuwapo. Wakiwa si wa kufanana, wana nafasi ya robo kama ndugu wengine wowote. Mapacha wanaofanana kuliko wote ndio wanaofaana kidogo kuliko wote.

Asipopatikana ndugu, siku hizi zipo njia za kutumia mzazi aliyelingana nusu, pamoja na dawa maalumu siku chache baada ya siku sifuri. Mama kwa kawaida yupo wodini. Baba katika ukanda huu wa machimbo ya dhahabu ni habari nyingine. Fununu ikitoka kwamba duara, yaani shimo la dhahabu, limetema huko Nyakagwe au ng'ambo ya Kahama, wanaume wanahama kwa wiki moja, na simu ya porini inapatikana jioni mtu akipanda juu ya kichuguu. Daktari wa wodi anayemtafuta baba ili apimwe anaweza kumkosa kwa sababu tu rashi ya dhahabu imehamia kwingine.

Kwenye vijiji hivyo vya machimbo swali la kwanza la wazazi huwa ni zebaki. Wanajua inachomwa kwenye karai nyuma ya nyumba ili dhahabu ibaki, wanajua moshi wake si mzuri, na mtoto akiugua damu wanaunganisha. Kwa magonjwa haya mawili zebaki haina kesi. Sikoseli imerithiwa kwa baba na mama, na hitilafu za JMML hazijahusishwa na madini hayo. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani haujapata ushahidi wa kutosha kuiweka zebaki ya metali kati ya visababishi vya saratani. Inaharibu ubongo wa kichanga na figo, na hiyo peke yake inatosha kuiondoa nyuma ya nyumba. Ila mama anayejilaumu kwa sababu aliosha marudio, yale mabaki ya mchanga wa dhahabu, mwaloni akiwa mjamzito anastahili kuambiwa wazi kwamba sivyo alivyomletea mwanawe lukemia.

Lipo jambo zito zaidi linalosimama kati ya familia na chumba cha upandikizaji, nalo halitajwi kwenye vipeperushi vya hospitali. Tangu mwaka 2007 hivi, mikoa hii ilipita katika mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao viliuzwa kwa imani kwamba vinavuta bahati, na watafiti akiwemo Deborah Bryceson waliandika mwaka 2010 jinsi biashara hiyo ilivyofungamana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana mmoja mwenye ualbino. Watu waliokuwa watoto wakati ule ndio wazazi wa leo. Unapomweleza mzazi wa Bukombe kwamba mtoto wake mzima atalazwa usingizi na kitu kitatolewa ndani ya mfupa wake, maneno hayo yanatua kwenye kumbukumbu hiyo, na muuguzi mwenye busara hatamdharau akisita. Atamwita mama Kulwa, atamketisha, atamwonyesha mahali pa sindano kwenye nyonga yake mwenyewe, atamwambia mfupa haukatwi, atamruhusu shangazi na mjomba waulize tena yale yale. Uingereza, sheria ya 2004 inataka mtoto asiyeweza kujiamulia asitolewe uloto mpaka mtu wa nje ya timu ya tiba aongee naye na wazazi wake. Ni utaratibu wa kuiga, na usingehitaji mashine. Kwa mtoto wa miaka sita anayetoa, kuulizwa na mtu asiyevaa koti jeupe kama anaelewa kinachokuja ni haki ndogo inayogharimu nusu saa.

Tanzania imekwisha kuanza. Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza mwaka 2021, kwa watu wazima wenye saratani ya uloto, wakirudishiwa seli zao wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa kushirikiana na wataalamu wa Italia, ilianza kuwapandikiza watoto wenye sikoseli uloto wa ndugu zao. Uamuzi wa kuanza na sikoseli ni sahihi, na aliye na mgonjwa wa lukemia adimu asione ametupwa. Chumba chenye hewa iliyochujwa, maabara ya kulinganisha ndugu, mashine ya kunururisha damu, wauguzi waliozoea siku za kungoja: vyote hivyo hujengwa kwa ugonjwa ulio na wagonjwa wengi. JMML yenye watoto wawili watatu kwa mwaka isingejengewa chumba peke yake popote duniani. Itaingia kwenye chumba cha sikoseli siku mtoto wake wa kwanza atakapofika akiwa na jina la ugonjwa mkononi.

Akiwa na jina. Hapo ndipo yote yanaporudi. Barabara imepungua ugumu. Tangu Juni 2025 gari la wagonjwa kutoka Geita halisubiri tena kivuko Busisi, linavuka daraja la takriban kilomita 3 hadi Kigongo, upande wa Mwanza. Kutoka huko hadi Dodoma ni siku nzima ya basi kupitia Shinyanga, Nzega na Singida. Ndugu yupo, ameketi kwenye siti ya pembeni anakula mahindi ya kuchoma. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, mara ya tatu mtoto anaporudi na bandama ile ile na kipimo cha malaria kimetoa mstari mmoja tu, kama kioo cha damu yake kimeangaliwa. Uingereza na Marekani ziliidhinisha mwishoni mwa 2023 tiba ya kurekebisha jeni za sikoseli, bei yake Marekani dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kioo cha damu, rangi yake na tone la mafuta ya darubini ni fedha ya soda chache. Kwa sasa Kanda ya Ziwa ingefaidika zaidi na watu ishirini waliofunzwa kusoma kioo hicho vizuri kuliko na ahadi yoyote ya jeni.

Na mama akishakubali, miezi ya Dodoma humkuta na watoto wengine aliowaacha kwa dada yake, na majaruba ya mpunga yanayosubiri kupaliliwa. Siku mia za mwanzo mtoto haruhusiwi kuwa mbali na hospitali. Kodi ya chumba, mkaa, nauli za kliniki, havimo kwenye bili ya upandikizaji, na ndivyo vinavyowarudisha watu nyumbani kabla ya wakati.

Akirudi Geita mzima, mtoto huyo ana mambo mawili mapya. La kwanza ni malaria. Kiwango chake huku kiko juu ya wastani wa taifa, ambao mwaka 2022 ulikuwa asilimia 8.1 kwa watoto wadogo, na mtoto aliyepewa uloto wa ndugu asiye mbebaji hana ule ulinzi wa nakala moja ambao Allison aliueleza. Atalala ndani ya chandarua kama wengine na zaidi ya wengine. La pili ni chanjo. Sehemu kubwa ya kinga aliyochanjwa uchangani imefutika pamoja na uloto wa zamani, hivyo kuanzia kati ya miezi 6 na 12 baada ya siku sifuri anaanza upya: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini, nimonia, na baadaye surua, ambayo ni chanjo hai na husubiri miaka miwili. Muuguzi wa kliniki ya watoto atakuwa na mvulana wa miaka minane kwenye foleni ya vichanga, mrefu kuliko mizani ya kupimia uzito, akiwa na barua ya Dodoma na kadi mpya kabisa, na itabidi atafute kwenye rejesta yake safu ya kumwandika.